Fataki za dharura zilizoteremshwa melini: je, ni salama kuziweka kwenye boti ya abiria?

Mwana wa Shela

Assalaam alaykum, ndugu zangu mabaharia. Ninaendesha boti ya faiba yenye mashine moja, nikichukua abiria kutoka Shela, Lamu, hadi Kipungani na wakati mwingine hadi Kiwayu, na nataka vifaa vya dharura vikamilike kabla kusi halijachachamaa. Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa ananiuzia sanduku la fataki za kuombea msaada baharini, ambazo anasema ziliteremshwa kutoka meli za mizigo zilipobadilisha vifaa vyao. Ndani yake mna za roketi, za kushika mkononi na makopo ya moshi wa rangi ya machungwa, kutoka viwanda tofauti. Baadhi zimepitwa na muda, na nyingine lebo zimefutika kabisa. Bei haifiki robo ya bei ya dukani, naye anashikilia kwamba tarehe huandikwa kwa ajili ya wakaguzi tu, kwa kuwa baruti haiozi. Nilikuwa nimefikiria kuwasha chache ufuoni usiku, na zikiwaka, nichukue sanduku zima. Naomba ushauri wenu kabla sijatuma pesa.

Kijana wa Faza

Waalaykum salaam, kaka. Mimi nimewahi kuwasha moja iliyopitwa na muda ikawaka bila shida yoyote. Kwa maoni yangu zinafaa kuwa akiba, kwa kuwa kuwa na kitu ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

Baharia Mstaafu

Mwanangu wa Shela, usitume pesa hizo. Nimehudumu melini kwa miaka mingi, na vifaa hivi vilikuwa chini ya mikono yangu, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa urefu.

Tarehe ile, ambayo mara nyingi ni miaka mitatu tangu fataki kutengenezwa, ndiyo ahadi ya kiwanda kwamba kifaa kitafanya kazi yake sawasawa, na ikipita hakuna anayekudhamini. Fataki nyekundu huwa na unga wa magnesiamu pamoja na chumvi za strontiamu zinazoipa moto wekundu wake. Magnesiamu huliwa na unyevu, na hewa yetu ya chumvi hupenya mahali popote ambapo kizibo kimelegea. Katika roketi kuna hatari nyingine, nayo ni ile baruti iliyoshindiliwa inayoisukuma juu. Ikipata ufa kwa kugongwa au kwa joto la miaka mingi, moto huingia ndani ya ufa na kushika eneo kubwa kwa mara moja, hata bomba likapasuka mkononi mwako badala ya kuruka. Ufa huo hauonekani kwa nje. Hujui sanduku lilikaa wapi baada ya kuteremshwa, kama ni kwenye ghala kavu au chini ya bati la moto, na muuzaji mwenyewe huenda hajui.

Hebu tupige hesabu kwa vipimo vya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS. Roketi nzima hupanda mita 300 au zaidi, kisha hufungua mwavuli na kuwaka kwa sekunde 40 au zaidi, ikishuka kwa mwendo usiozidi mita 5 kwa sekunde. Kwa sekunde 40 hizo inashuka mita 200, hivyo inazimika ikiwa bado juu sana. Roketi iliyochoka ikapanda mita 80 tu itatua ingali inawaka. Sasa fikiria unaijaribu ufuoni Shela, penye mapaa ya makuti yaliyopangana, na upepo unavuma kuelekea mjini.

Zile za mkononi huwaka kwa dakika moja, na hata ikiwa mpya hushikwa nje ya chombo upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, ili cheche na matone ya moto yachukuliwe na upepo mbali nawe. Katika boti yako, madumu ya petroli yako hatua mbili kutoka ulipoketi. Iliyoharibika inaweza kutema moto kwa ubavuni, na abiria wako hawana pa kukimbilia.

Jambo la viwanda tofauti nalo si dogo. Nyingine huvutwa uzi, nyingine huzungushwa kitako, nyingine hupigwa kwa kifuniko chake, na upande wa kutokea moto haufanani. Gizani, boti ikijaa maji, mtu asiyeweza kusoma lebo iliyofutika anaweza kuigeuza roketi imwelekee yeye mwenyewe.

Kijana wa Faza, ndugu yangu, ile iliyowaka ilikuambia habari zake tu. Ya pili yake huenda ilihifadhiwa kwingine. Na hiyo akiba ina madhara yake, kwa kuwa nahodha anayeamini ana fataki kumi na mbili hatajisumbua kununua mbili zinazofanya kazi.

Bi. Amu

Naongeza mambo mawili. Kwanza, kuwasha fataki hizi pasipo dharura ni kutoa ishara ya uongo. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini zinakataza ishara za hatari zitumike kwa jambo lingine lolote, na huku kwetu, ambako vyombo vya usalama viko macho usiku kucha, roketi nyekundu juu ya mkondo italeta watu wenye silaha. Pili, vitu hivi ni vilipuzi. Kuvipakia kwenye basi la abiria kutoka Mombasa hadi Mokowe ni kuwahatarisha watu wasiojua walichokalia, na kwenye vizuizi vya ukaguzi utaulizwa kibali. Uliza kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya kinachotakiwa kwa boti ya ukubwa wako.

Mwana wa Shela

Nawashukuru sana, nimeghairi. Lakini kuna tatizo moja. Muuzaji alikuwa ameshanitumia mbili za mkononi kama sampuli, nazo ziko kwenye kabati jikoni. Moja imetoa ukungu mweupe kwenye kizibo. Nifanye nini? Na kwa pesa kidogo nilizo nazo, nianze na kipi?

Baharia Mstaafu

Zitoe jikoni leo, bila kuzifungua wala kuzitikisa. Ziweke mahali penye kivuli, pakavu, mbali na moto, petroli na watoto, kisha uwaarifu polisi ili wakuelekeze zitakavyochukuliwa. Usizitupe baharini, jalalani wala kwenye moto wa takataka. Ile yenye ukungu usiiguse tena baada ya kuitoa.

Kuhusu pesa, anza na redio ya VHF ya mkononi, ile ya mawasiliano ya mabaharia, isiyoingia maji, kwa sababu ukiita kwenye chaneli ya 16, ambayo ni ya wito wa dharura, unaeleza mahali ulipo na idadi ya watu, jambo ambalo fataki haiwezi. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini tangu mwaka 2006, ila redio ya mkononi haifiki mbali, kwa hiyo waarifu pia walio nchi kavu saa yako ya kurudi. Ongeza tochi yenye nguvu, filimbi na kioo cha kumulikia jua, kisha fataki mpya mbili au tatu za mkononi za kiwanda kimoja, ndani ya chombo kisichopenya maji. Wafundishe vijana wako mchana, kwa kusoma maelezo yaliyo kwenye bomba bila kuwasha, mpaka kila mmoja ajue upande gani unatoa moto.