JIBU LIKO 7.4! Haya, aliyeandika ule mwongozo aje anionyeshe 7.4 iko wapi

MwishoWaReli (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, leo sina salamu. Salamu nimezimaliza asubuhi kwenye simu na yule bwana aliyeandika mwongozo wa sistimu yetu. Simtaji, mnamjua. Kama umewahi kufunga ile sistimu ya vyama vya akiba na mikopo unamjua vizuri tu, na kama hujawahi kuifunga kamshukuru mama yako, dua zake zimefika.

Mtu mzima, kakaa kwenye kiyoyozi, ananitumia ujumbe wa sauti wa sekunde tisa: "Kijana, nyie watu wa huko tatizo hamsomi. Jibu liko 7.4."

Jibu liko 7.4!

Sura ya 7 inaishia 7.3, jamani. Nimehesabu. Nimemwita mlinzi akahesabu. Mtoto wa mhasibu, yuko darasa la pili, kahesabu kwa kidole: saba moja, saba mbili, saba tatu, halafu akaniangalia usoni. Baada ya 7.3 ni sura ya 8, "Kuweka nembo ya chama". Sisi Kigoma tumezoea kuitwa mwisho wa reli na hatununi, kwa sababu reli yetu ikiisha unakuta stesheni, na ukitoka stesheni ziwa hilo hapo. 7.3 ikiisha hukuti hata jiwe la kukalia.

Kisa chenyewe hiki. Jana jioni diski ya kompyuta kuu ikaanza kugonga kama mtu anaponda kokoto. Nikakesha. Saa 12 asubuhi mashine mpya iko tayari, bekapu ninayo mkononi, kilichobaki ni kurejesha data. Nafungua ukurasa wa 88. Kuna kisanduku chekundu, nanakili kama kilivyo: "ONYO: Usibonyeze Rejesha kabla ya kuzima huduma kwa utaratibu ulioelezwa katika kipengele 7.4. Ukikiuka, miamala ambayo haijafungwa itapotea."

Mnaona watu walivyo? Kukutisha wanajua. Kukuonyesha njia sasa, 7.4.

Nikajaribu kuzunguka. 5.2 inanipeleka 6.1. Nafika 6.1, nakuta "kama ilivyoelezwa katika 5.2". Nimezungushwa kama mbuzi aliyefungwa kwenye mwembe mpaka kamba ikaisha. Kuna mahali imeandikwa "tazama Kiambatisho C". Viambatisho viko viwili, A na B. Hiyo C sijui wameificha Kongo.

Saa 2 mlango ukafunguliwa. Wa kwanza kwenye foleni ni mama mmoja wa biashara ya mawese, madumu yake yameshapakiwa kwenye boti pale Kibirizi, anasubiriwa yeye tu na hela ya mzigo. Mama, nisubiri kidogo. Saa 3, mama, kidogo tu. Yule mama alikuwa na kitabu chake cha akiba, kile cha jalada la bluu, kakikunja mkononi mpaka kikawa kama bomba. Saa 4 akaja dirishani, akaniona napekua yale makaratasi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hicho kitabu chako na hiki changu, kipi cha kweli?"

Hapo ndipo nilipompigia yule bwana. Na hapo ndipo nilipoambiwa hamsomi, jibu liko 7.4.

Nimelipata saa 5 kasoro, kwa kufunua ukurasa mmoja mmoja. Liko 9.2! "Kuzima huduma kwa usalama." Mistari mitatu, wakuu. Mistari MITATU! Nikatafuta toleo la mwaka juzi kwenye kabati, kumbe kule ndiko ilikuwa 7.4. Wakaongeza sura katikati, wakapangua vipengele, utaratibu ukahamia 9.2, na rejea zote zikabaki zinaelekeza kwenye nyumba iliyobomolewa. Sababu ni moja tu: mtu alikaa akazichapa hizo namba kwa mkono, moja baada ya nyingine, na alipohamisha sura hakurudi nyuma hata mara moja.

Boti ilishaondoka.

Na mimi ndiye nisiyesoma! Nimesoma mpaka nembo! Aje hapa, mbele yenu, afungue ukurasa, aniwekee kidole juu ya 7.4.

Kokoto_Gungu

Povu lote hili kwa namba moja? Ctrl+F ina kazi gani, mkuu? Unaandika "kuzima huduma", sekunde mbili umefika. Labda kweli hamsomi.

MwishoWaReli

Ctrl+F kwenye kitu kilichoskaniwa? Waliuchapa, wakaupiga muhuri kila ukurasa, wakauskani, ndipo wakatutumia. Ni picha 214. Haya, tafuta neno kwenye picha. Ukurasa wa 131 una kivuli cha kidole gumba. Kidole chake nakijua, 7.4 siijui.

BintiUvinza

Tupia picha ya hicho kidole 😂😂

Kokoto_Gungu

Hapo kwenye muhuri nimenyamaza.

MleziWaSeva (Isevya, Tabora)

Mwangaluka, watani. Mleta mada ana haki, ila anamlilia mtu wakati kinachomuumiza ni utaratibu. Namba ya kipengele haichapwi kwa mkono, basi. Unaweka lebo juu ya kichwa cha habari, mfano "zima-huduma", na kila unapotaka kuelekeza unaitaja lebo. Programu yenyewe ndiyo inayojaza jina au namba wakati wa kutengeneza kitabu. Hamisha sura mara mia, lebo inakwenda nayo.

Mimi natumia Sphinx, programu ya kutengeneza nyaraka, ile iliyotoka 2008 kwa ajili ya nyaraka za Python, lugha ya kuandikia programu. Ukiitaja lebo ambayo haipo inakupa onyo. Ukiiendesha na alama ya -W, onyo linageuka kosa na ujenzi wa kitabu unahesabika umefeli. Yaani 7.4 ya yule bwana isingefika hata kwenye printa, achilia mbali Kigoma. Tena iko amri ya linkcheck, inapita linki za nje moja moja na kukwambia ipi imekufa. Mimi naiendesha kila Ijumaa.

Hapa kwetu reli inagawanyika, moja inakuja kwenu, nyingine inakwenda Mwanza. Anayegeuza njia akilala, mtu wa Kigoma anaamkia Mwanza na mizigo yake. Kuandika rejea ni kazi hiyo hiyo, usiifanye kama hujali abiria.

MwishoWaReli

Mwambie huyo! Mwambie! Mistari mitatu tu, mtani, mama wa watu kakosa boti.

Mwalimu_wa_Kasulu

Nyie mna 7.4 moja. Mimi nilikuwa nazo zaidi ya thelathini.

Nimeandika ripoti ya mradi kwa Word, rejea nimeziweka vizuri kwa kutumia menyu, sikuchapa kwa mkono, MleziWaSeva usinianze. Kuna michoro nikaifuta na kuiingiza upya. Kwenye skrini kila kitu safi, "tazama Mchoro 12", unameremeta. Nikapeleka stationari, kijana akabonyeza chapa. Kumbe Word huwa inasasisha zile rejea wakati wa kuchapa kama mpangilio huo umewashwa. Nakala tano, zimeshabanwa na jalada gumu, nafungua mbele ya msimamizi: "Kosa! Chanzo cha rejeo hakikupatikana", kwa herufi nzito, katikati ya sentensi, ukurasa baada ya ukurasa. Msimamizi akasoma kwa sauti: "Kama inavyoonekana katika kosa chanzo cha rejeo hakikupatikana, mavuno yaliongezeka." Akarudia mara mbili.

Siku hizi kabla ya kuchapa nabonyeza Ctrl+A, halafu F9, halafu nasoma kuanzia mwanzo.

BintiUvinza

"Mavuno yaliongezeka" 😂 Mwalimu, pole sana.

Kanyenye_Mjukuu (Tabora)

Bora Word inapiga kelele. Mimi nilipeleka kazi ya LaTeX, ile programu ya kupanga maandishi, usiku wa mwisho, nimeiendesha mara moja tu. Kila palipotakiwa namba pakatokea alama mbili za kuuliza. Sura ya ??, jedwali la ??. Nikadhani nimefuta kitu. Kumbe mara ya kwanza huwa inaandika namba kwenye faili la pembeni, mara ya pili ndiyo inazisoma. Unaiendesha mara mbili. Hakuna aliyeniambia.

Kokoto_Gungu

Iliandikwa 7.4.

BintiUvinza

😂😂😂😂

MwishoWaReli

Msifanye mzaha na 7.4. Nimetoka kusikiliza ile sauti tena. "Hamsomi." Anasema huku anatafuna kitu!

FundiBoti_Kibirizi

Mimi kompyuta sizijui, ila maumivu hayo nayajua. Kitabu cha injini ya boti kimeandikwa "kaza nati kama ilivyoonyeshwa hapa chini". Chini pana picha ya tangi la mafuta. Nimekaza kwa kuotea. Hivi "hapa chini" ni wapi? Chini ya ukurasa au chini ya ziwa?

MleziWaSeva

Fundi, umegusa penyewe. "Hapo juu" na "hapa chini" ni maneno ya mtu anayedhani ukurasa hautahama. Kwenye simu mchoro unaruka skrini tatu. Taja mchoro kwa lebo yake.

Halafu watu wanasema haya ni mambo ya kisasa, Afrika tutayafikia taratibu. Ya kisasa wapi? Mwongozo wa kwanza wa Unix, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, ulitoka Novemba 1971, umechapwa kwenye karatasi, na kurasa zake tayari zilikuwa na sehemu ya "Tazama pia", inakupa jina la amri na sehemu ya kitabu ilipo. Inatajwa kwa jina, siyo kwa namba ya ukurasa. Ukurasa ukihama, jina liko pale pale.

Kanyenye_Mjukuu

Mimi kero yangu ni linki. Kuna mfumo mmoja, nao simtaji mwenyewe, walibadilisha tovuti wiki ya kufunga hesabu. Kila linki iliyokuwa kwenye mwongozo: 404, yaani ukurasa haupo. Hawakuweka hata ile 301 ya kumwelekeza mtu anwani mpya. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti yenyewe, alishaandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki. Sasa huyu kijana wa tovuti yeye alibuni nini?

Mwalimu_wa_Kasulu

Kabuni 404.

MwishoWaReli

Naomba turudi kwenye mada. Mistari mitatu, 9.2, na wameandika 7.4. Mnaojua kutengeneza hizo lebo, nimeshaanza kuuchapa upya mwongozo mzima mwenyewe, niko ukurasa wa 17. Hamna mama mwingine atakayeniuliza kitabu kipi cha kweli. MleziWaSeva, kisanduku cha ONYO nacho nakiwekea lebo?

MleziWaSeva

Kiwekee. Tena chukua ile mistari mitatu uiandike ndani ya kisanduku chenyewe, rejea ibaki ya nyongeza. Mtu aliyesimama mbele ya kitufe cha hatari usimtume safari. Nitumie faili leo usiku nikupangie.

MwishoWaReli

Asante sana, mtani. Mungu akuzidishie.

Kokoto_Gungu

Sasa yule mama alisafiri au?

FundiBoti_Kibirizi

Kama ni yule ninayemfikiria, kaondoka na boti ya saa 9. Madumu yake mimi ndiye niliyeyashusha na kuyapandisha tena. Nalo dumu moja kifuniko kilikuwa kimelegea, nimechafuka suruali mawese mpaka magotini.

BintiUvinza

Mawese hayatoki hayo. Paka sabuni ya mche kavu kabla ya kuloweka, usianze na maji.

Kanyenye_Mjukuu

Huku wanatuuzia mawese yamechanganywa, yakipoa yanakuwa mepesi kama chai. Fundi, ukipata dumu la kweli kutoka huko niambie.

FundiBoti_Kibirizi

Lete asali mbichi ya kwenu, tubadilishane. Ila iwe ya msituni kweli, siyo ile ya sukari mnayowauzia abiria dirishani.

Kanyenye_Mjukuu

Abiria wanaokimbizana na treni ndio wanaouziwa hiyo. Mtu wangu nampa ya kwenye mzinga. Na migebuka je?

FundiBoti_Kibirizi

Ipo. Mbichi haitafika, nakutumia ya kukausha.

Mwalimu_wa_Kasulu

Mnaotuma kwa treni, mnafungaje? Mara ya mwisho nimetuma dagaa kwa shemeji, behewa zima likanijua jina.

BintiUvinza

Gazeti, halafu kiroba, halafu kiroba kingine juu yake, unashona kwa uzi wa gunia. Usifunge kwa seloteipu, jasho linaitoa.

Kanyenye_Mjukuu

Dagaa nao nawataka. Fundi, namba yangu nakutumia wapi?