Thailand 1997: akiba ya dola ilikuwepo, baht ilianguka vipi?

hesabu_kavu: Wakuu, naomba ufafanuzi. Katikati ya 1997 Thailand bado ilikuwa inatangaza akiba ya zaidi ya dola bilioni 30, na baht, sarafu yake, ilikuwa imeshikiliwa kwenye 25 hivi kwa dola tangu miaka ya 1980. Tarehe 2 Julai wakaiachia ielee, yaani bei ipangwe na soko. Benki kuu yenye akiba kama hiyo inashindwaje kulinda bei?

dawati_la_dola: Mkuu, sehemu kubwa ya dola hizo ilikuwa na wenyewe. Chukua mfano: asubuhi benki kuu inauza dola milioni 100 ili baht isishuke. Mchana inachukua dola milioni 100 sokoni, inatoa baht, na kuahidi kuzirudisha baada ya miezi sita. Jioni daftari linasomeka kama jana, ila deni limezaliwa na halimo kwenye takwimu inayotangazwa. Baada ya mashambulizi ya Mei, walanguzi walipoiuza baht kwa wingi, ahadi za namna hiyo zilishapita dola bilioni 20. Kwa hiyo ukipewa takwimu ya akiba, kwanza toa ahadi hizo, kisha linganisha kinachobaki na deni la nje linaloiva ndani ya miezi 12. Kikiwa pungufu, wakopeshaji wakigoma kuongeza muda, hakuna cha kuwalipa.

hesabu_kavu: Nimekupata. Kwa nini hawakupandisha riba na kuiacha juu, ili watu wavutiwe kushika baht?

mkaguzi_wa_mizania: Ingewamaliza wakopaji wa ndani. Kampuni za fedha zilikuwa zimejaza mikopo ya majengo yasiyo na wanunuzi. 16 zilisimamishwa Juni 27, siku chache kabla ya baht kuachiwa. Tena bei iliyofungwa ndiyo iliyowashawishi watu kukopa dola bila kinga dhidi ya baht kushuka, maana riba ya dola ilikuwa nafuu. Anayedaiwa dola milioni 1 na kodi za nyumba zake zinaingia kwa baht, alihitaji baht milioni 25. Januari 1998 dola ilipita baht 50, akahitaji zaidi ya milioni 50, na wapangaji ni walewale.

hesabu_kavu: Basi kuelea ndiyo dawa?

dawati_la_dola: Kunapunguza hatari tu, mkuu. Shilingi ya Kenya inaelea, lakini Januari 2024 ilifika 160 kwa dola huku Eurobondi (hati ya deni la nje) ya dola bilioni 2 ikisubiri kulipwa Juni. Februari serikali ikauza mpya ya bilioni 1.5 kununua sehemu ya ile ya zamani, na shilingi ikapanda ndani ya siku chache. Hapo pia kilichoogopwa ni tarehe ya deni.