Mto Slims, Yukon: maji yalihamia wapi?

ramani_kaskazini: Nachora upya mito ya Yukon, Kanada. Ramani za zamani zinaonyesha Slims ukitoka kwenye barafuto (mto wa barafu) ya Kaskawulsh hadi Ziwa Kluane. Picha ya setilaiti ya Agosti 2016 inaonyesha tope na mchanga tu, ilhali Agosti ndipo barafu huyeyuka sana. Ni ukame?

bonde_la_alsek: Si ukame, mto umeporwa: maji yake yamechukuliwa na mto mwingine. Ncha ya barafuto imekaa pale pale maji yanapogawanyika: upande mmoja yalishuka Slims hadi Kluane, upande wa pili Mto Kaskawulsh. Barafu ilipozidi kurudi nyuma, mwishoni mwa Mei 2016 maji yalichimba korongo la kina cha mita 30 hivi ndani ya barafu yenyewe, yakatoka kidimbwi cha juu, upande wa Slims, hadi cha chini, kule Kaskawulsh. Ndani ya siku chache kazi ilikuwa imekwisha. Njia hiyo ina mteremko mkali zaidi kwa sababu bahari iko karibu: Kaskawulsh, Alsek, kisha Ghuba ya Alaska. Ile ya Slims huzunguka mbali mno: Kluane, Donjek, White, Yukon, hadi Bahari ya Bering.

mwamba_na_tope: Na Slims si mto mkongwe. Zamani maji ya Ziwa Kluane yalitiririka kwenda kusini, kuelekea Alsek. Barafuto iliposonga mbele karne chache zilizopita ikaziba njia hiyo. Ziwa likapanda, likazamisha miti ufukweni, hatimaye likafurika upande wa kaskazini, na bonde la Slims likaanza kuleta maji ziwani badala ya kuyatoa. Kwa hiyo mtu akisema maji "yamerudi" kusini, hajakosea sana.

ramani_kaskazini: Basi niufute Slims?

bonde_la_alsek: Usiufute! Vijito vya kando kama Sheep na Bullion bado vinaingia bondeni. Uchore mstari mwembamba, uukatishe kabla ya kufika kwenye barafuto. Ufukwe wa Kluane usinakili kutoka ramani ya kabla ya 2016, maana kina cha ziwa kimeshuka. Tumia picha mbili za mwezi mmoja, miaka tofauti. Ukilinganisha Mei na Agosti utapima majira tu. Ukiona ukungu wa kijivu bondeni, usidhani ni wingu: ni vumbi la mawe yaliyosagwa na barafu, laini kama unga, linalopeperushwa toka sakafu iliyokauka. Chagua picha ya siku isiyo na upepo.