Nimeuziwa pistoni ya 0.25 ndani ya boksi la 0.50, injini imeshuka mara mbili!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina Hiace yenye injini ya 3L, ile dizeli ya Toyota, ndiyo inayonilisha. Ilianza kula oili, moshi wa bluu mpaka abiria wanaziba pua. Fundi akashusha injini, akapima silinda, akakuta zimelika, juu pana kuliko chini. Akasema tuchonge silinda ziwe pana zaidi, tuweke pistoni za 0.50, yaani zilizozidi standadi kwa nusu milimita. Standadi ya 3L ni milimita 96, kwa hiyo tunakwenda 96.5. Mpaka hapo sawa.

Nikaenda Kariakoo. Muuzaji akanitolea boksi safi, "orijino hii bosi, Japani yenyewe." Nikalipa. Risiti? Kikaratasi kimeandikwa "spea mbalimbali". Nilipaswa kushtuka palepale, ila akili yote ilikuwa gari lirudi barabarani.

Kumbe na fundi wangu naye alishaharibu. Bloku, lile chuma lenye matundu ya silinda, aliipeleka ikachongwa kabla hata sijanunua pistoni! Jamani, pistoni hununuliwa kwanza. Zinakwenda pamoja na bloku, mchongaji anapima kila pistoni kwa maikromita, kile kipimo cha unene, ndipo anachonga tundu lake, akiacha nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Alumini ikipata moto inatanuka. Ukibana sana inashika, ukilegeza inagonga.

Yangu ikagonga. Asubuhi ukiwasha, ko ko ko ko, kama kuna mtu anatwanga kisamvu humo ndani. Fundi ananiambia "itazoea". Wiki ya tatu moshi huo umerudi, tukashusha tena.

Safari hii nilisimama pale na maikromita nikiiona kwa macho yangu. Pistoni tatu zimesoma 96.44. Ya nne 96.19! Tukafuta masizi kichwani. Zile tatu zina 050 imekaa vizuri, imenyooka. Hii ya nne namba zimepinda, sifuri moja imelalia upande, zimegongwa kwa mkono, na chini yake ukiinamisha kwenye mwanga unaona mkia wa 2 ambao msasa haukuumaliza. Yaani ni 0.25 imebatizwa jina jipya. Mtu alikaa chini na nyundo akaifanya kazi hiyo kwa utulivu kabisa, akijua itaingia kwenye gari linalobeba watu.

Nimerudi dukani nayo mkononi. "Ikishaingia kwenye injini hatupokei, kaongee na fundi wako." Fundi naye: "Mimi sikununua spea." Gasketi mpya, oili mpya, siku za kulaza gari, vyote juu yangu.

Sasa mnisaidie. Matundu matatu ni mazima, la nne lina mikwaruzo ukipitisha ukucha inanasa. Nivishe silivu (bomba jipya la chuma ndani ya tundu) hilo moja na kutafuta pistoni moja ya 0.50 yenye uzito sawa na wenzake, au nichonge yote manne niende 1.00? Na kuna duka lolote mjini linalokubali upime juu ya kaunta kabla ya kutoa hela? Wa "uza hilo gari" pita kushoto.