Trekta langu la theluji linateleza nyuma, naomba ushauri wa uzito

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Duluth, Minnesota, mji wa vilima, na njia ya gari ya kwangu inapanda kweli. Nimenunua trekta dogo la bustani, la mtumba, nikalifungia mbele mashine ya kurusha theluji. Mashine peke yake inakaribia kilo 120. Nikiinyanyua tu, usukani unakuwa mzito na matairi ya nyuma yanazunguka palepale, yanang'arisha barafu. Juzi niliserereka nalo kinyumenyume hadi kwenye sanduku la barua.

Minyororo nimeshafunga. Tambarare imesaidia, mlimani bado. Nikaongeza mifuko miwili ya mchanga, kilo 27 kila mmoja, nyuma kabisa ya ekseli ili ipunguze na uzito wa pua. Afadhali kidogo, ila naogopa kuilemea ekseli.

Sasa nawaza kujaza matairi maji ya kuoshea vioo yasiyoganda, au kufunga vyuma kwenye rimu, maana uzito huo unabebwa na tairi lenyewe. Mke wangu anasema niajiri mtu, hilo msinishauri.

Aliyewahi kufanya, maji au vyuma? Na mchanga niuache au niutoe?