Gemu ya kurushiana na kudaka mpira: Switch, Kinect au miwani ya VR?

baba_wawili: Wakuu habari za humu. Watoto wanataka ile gemu ya kurusha na kudaka mpira kwa mkono, yaani ukirusha hewani na kwenye tivii unaruka. Nimeona Nintendo Switch, kuna jamaa anauza Xbox 360 iliyotumika na Kinect yake (ile kamera inayoona mwili wako), halafu kuna miwani ya VR, ile inafunika macho unajiona uko ndani ya gemu. Hela ipo, nataka kuchukua wikiendi hii. Ipi?

pedi_mbili: Watoto wana umri gani? Sebule ina nafasi kiasi gani? Kinect inataka usimame kama mita 1.8 kutoka kwenye kamera, mkiwa wawili 2.5. Kama kochi lipo hapo, sahau.

Mama Gemu: Umri kwanza. PlayStation VR wenyewe wanasema chini ya miaka 12 wasivae.

kipa_wa_sebuleni: Kinect bila kufikiria mara mbili. Hushiki pedi, mikono yako ndiyo glovu. Ile gemu ya Rallyball iliyokuja nayo 2010 watu wazima walikuwa wanatoka jasho.

pedi_mbili: Rallyball unapiga mpira ubomoe maboksi, hudaki chochote. Hata besiboli ya Wii Sports, kwenye Wii ile mashine ya zamani ya Nintendo, unarusha na kupiga tu, kudaka wanadaka wachezaji wenyewe. Sababu ni kwamba pedi ya Wii au Joy-Con (pedi ya Switch) inajua mkono umeuzungushaje, ila mkono uko wapi hewani haijui vizuri, na kudaka ni kuuweka mkono mahali pake kwa wakati wake. Kwa hilo VR ndiyo yenyewe.

kobe_mkali: Kabla hujampa huyo jamaa hela nisikilize. Mimi nilinunua kamera ya Kinect kwa mtu, akanionyesha kwenye simu watoto wanaruka nayo, nikalipa, nafika nyumbani waya hauingii popote. Kumbe Xbox 360 za zamani, zile kabla ya toleo la S, hazina tundu lake, zinataka adapta ya umeme ya pembeni na yeye hakunipa, nampigia anasema adapta haikuwa kwenye makubaliano, siku ya pili hapokei, wiki iliyofuata namba haipatikani kabisa. Watoto wamevaa raba wananiangalia. Muulize ni S au ya zamani!!

kipa_wa_sebuleni: Hapo kosa la muuzaji, Kinect haina kosa.

Mama Gemu: Kinect waliacha kuitengeneza 2017, ikifa unapeleka wapi? Chukua Switch, na mkanda wa pedi wavae mkononi. Nintendo walibadilisha mikanda ya Wii mwishoni mwa 2006 kwa sababu ilikuwa inakatika.

mzee_wa_nje: Si muwanunulie mpira tu jamani

kobe_mkali: Mzee mvua ikinyesha je?

baba_wawili: Asanteni. Mmoja ana 6, mwingine 11. Sebule sijapima. Huyo mdogo ni wa mkono wa kushoto, inasumbua?

pedi_mbili: Kwa hiyo miwani haipo tena, anza na tepu. Tivii nayo iweke kwenye modi ya gemu, la sivyo picha inachelewa na mpira unapita mkono ukiwa bado chini.

kipa_wa_sebuleni: Kushoto kwenye Kinect haina shida, inaona mikono yote.

Mama Gemu: Na Switch unachagua mkono kwenye mipangilio, usimdanganye mwenzio.

kipa_wa_sebuleni: Nimedanganya wapi sasa dada? Switch nimeitaja?