MREJESHO: Dua ya kaka yetu mwanamaji

Wadau, niliuliza kama kaka yetu, mwanamaji aliyefariki kwenye mazoezi ya kuzamia, hakuna vita wala nini, anaweza kukumbukwa Julai 25, Siku ya Mashujaa. Mjomba aligoma: "Shujaa ni wa vitani." Wengi mlisema tusibishane naye, tusome dua kwanza.

Basi tumeisoma, hapa hapa Mikindani, Mtwara. Asubuhi tulipita Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji. Kaka hakuzikwa kule, tulikwenda kwa heshima tu. Jioni hitima nyumbani. Mama alitoa ile kofia nyeupe ya kaka, yenye doa la chai lililoshinda kila sabuni, akaiweka mezani karibu na chetezo. Nilidhani atalia. Wapi! Akaanza kusimulia mwanawe alivyokuwa akiogopa kupanda ngalawa utotoni (na kweli, alikuwa mwoga huyo!).

Mjomba je? Alifika kabla ya shehe, akala pilau sahani mbili, na ndiye aliyesema mwakani tuwaalike wenzake wa kikosini. Kwa aliyenishauri niwatafute: wawili wamepatikana, mmoja yuko Lindi mjini. Ahsanteni sana.